Likizo ya mama wa njiti: jibu kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama mshonaji wako aliyejifungua njiti, yaani mtoto wa kabla ya wakati, wiki ya 31 anastahili siku 84 za likizo ya uzazi kama wengine, na kama zile wiki anazokaa wodini na mtoto unaweza kuzihesabia humo humo. Huwezi. Zamani waajiri wengi walifanya hivyo. Nilipokuwa ofisi ya utumishi pale kiwandani niliwaona kina mama wakirudi kwenye mashine ilhali mtoto ndiyo kwanza ametoka hospitali, na likizo imeshaishia kitandani.

Tangu Februari 2025 Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania imebadilika. Mama akijifungua kabla ya wakati, muda uliobaki kufikia wiki 40 za mimba unaongezwa kwenye likizo yake. Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, aliipigania hoja hii miaka mingi kupitia taasisi yake, na mimi nasema ilichelewa.

Basi tupige hesabu yako. Kutoka wiki ya 31 hadi ya 40 zimebaki wiki tisa, yaani siku 63. Ongeza zile 84, unapata 147. Kajifungua Januari 12, kwa hiyo ataripoti kazini Juni 8, na mshahara wake unatoka kila mwezi. Wangekuwa pacha, ungeanzia kwenye siku 100 badala ya 84. Akirudi, sheria inampa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha, na kwa mtoto wa namna hii usizibanie.

Kama hujawahi kuingia wodi ya njiti, nikueleze. Mama anafungwa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wanaita matunzo ya kangaruu, mchana na usiku. Maziwa anayakamua kila baada ya saa chache, mtoto analishwa kwa mrija au kikombe kidogo kwa sababu hana nguvu ya kunyonya. Hiyo nayo ni likizo?

Najua umeguna. Kima cha chini cha sekta binafsi nacho kimepanda Januari 2026, kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, na wewe una mashine nne tu. Hiyo 358,322 usiichukue kama ilivyo, ni wastani. Tafuta kiwango cha sekta yako kwenye amri ya mishahara yenyewe, usimsikilize jirani wa fremu ya pili.

Kuhusu fundi wa kushika nafasi yake: zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja tu. Marekebisho hayo hayo yameufungua kwa kazi za msimu, mradi wenye mwisho, au kazi iliyoongezeka kwa muda. Kabla hujamwandikia mtu mkataba wa miezi mitano, pita kwa afisa kazi wa mkoa umuulize unaingia kwenye kundi lipi. Haikugharimu kitu.

Ila lile wazo la shemeji yako, kwamba “umwache taratibu” huyu dada umchukue mwingine moja kwa moja, lifute. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au uzazi hakuna utetezi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na ana siku 30 za kupeleka malalamiko. Fidia yake itakumalizia mashine zote nne.

Leo mwombe mumewe akuletee karatasi ya hospitali inayoonyesha umri wa mimba siku ya kujifungua. Usimsumbue mwenyewe wodini. Kisha mwandikie barua ya likizo yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi na hizo siku 63 zimetajwa peke yake, nakala moja kwake, moja kwenye faili lake. Nipigie picha kabla hujaisaini.

Mama yako