Stenlesi nayo hushika kutu: bastola yangu na unyevu wa Entebbe

Nilipopata kibali na kununua bastola ya stenlesi, niliamini habari ya kutu imekwisha. Naishi Entebbe, karibu kabisa na Ziwa Viktoria, na bastola huivaa kiunoni chini ya shati kila siku ya kazi. Novemba moja, mvua bado zinanyesha, nilifungua mpini nikakuta madoa ya rangi ya chungwa palepale jasho langu linapopita. Iliniuma sana.

Aliyenielewesha ni fundi wa silaha, afande mstaafu. Chuma hiki kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa huunda utando mwembamba usioonekana wa kukilinda. Chumvi huutoboa utando huo, na jasho ni maji ya chumvi. Kijiko cha stenlesi ukikisahau ndani ya chumvi yenye majimaji, utaona mwenyewe. Tena si kila kipande cha bastola ni stenlesi: pini na springi mara nyingi ni chuma cha kawaida, na huko ndiko kutu huanzia.

Kabla ya kushika kitambaa, toa kwanza magazini (kikasha cha risasi kilicho ndani ya mpini), ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza kwenda nyuma. Ukianza na slaidi, magazini itaingiza risasi nyingine kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, huku wewe ukidhani umeiondoa. Tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa ncha ya kidole. Risasi zote mimi huzipeleka chumba kingine, na kazi hii siifanyi watoto wakiwa macho. Kwa hili sikubali mjadala.

Mtutu hauna mambo mengi. Tia dawa ya kusafishia, pitisha brashi kutoka upande wa chemba hadi itokeze mdomoni, halafu vipande vya pamba mpaka vitoke safi. Fungua madirisha, na usiguse chai kabla ya kunawa kwa sabuni, maana uchafu ule una madini ya risasi yenye sumu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchukua waya wa kusugulia sufuria. Madoa yalitoka, nikafurahi wiki mbili, kisha yakarudi mengi kuliko mwanzo. Waya ule ni chuma cha kawaida: vichembe vyake hunasa kwenye stenlesi na kushika kutu vyenyewe, mbali na mikwaruzo unayoachiwa. Jiki nayo usiisogeze karibu, kwa sababu klorini yake hutoboa ule utando kama chumvi. Kilichonifaa ni mafuta ya bunduki na mswaki laini. Doa likikataa, liloweke kwa mafuta usiku kucha, asubuhi ulisugue polepole.

Kuna jambo wengi hawaambiwi. Stenlesi kavu ikisuguana na stenlesi, nyuso mbili hushikana na kuchunana, na jeraha hilo haliponi. Kwa hiyo kwenye njia ambazo slaidi huteleza natia grisi kiasi cha punje ya mchele kila upande. Kwingine nafuta hadi mafuta yabaki kama mng'ao tu, kwa kuwa yakizidi hukamata vumbi jekundu la kiangazi.

Usiilaze bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na mvua, ikakaa nayo usiku mzima. Yangu hulala kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, risasi zikiwa zimefungiwa mbali. Kila jioni, nikishaitoa risasi, naifuta kwa kitambaa chenye mafuta kabla sijaketi.

Vishimo viwili bado vipo chini ya mpini, upande wa kushoto. Kila mwezi nalegeza skrubu na kuvitazama kwa tochi. Tangu nianze utaratibu huu havijaongezeka.