Kijazo cha jino na mbabula ya shemeji

SWALI

Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Katika magego yangu ya chini mna vijazo viwili vya rangi ya kijivu, vile tunavyoviita plombaji, nilivyowekewa miaka tisa iliyopita. Rafiki yangu wa kanisani ameniambia kwamba ndani yake mna zebaki inayomdhuru mtoto tumboni, na kwamba nikavitoe kabla ya mwezi huu kwisha. Tangu siku hiyo hata kutafuna naogopa. Shemeji yangu, anayenunua dhahabu Kamituga, alinicheka akasema kwamba yeye huchoma zebaki kwenye mbabula yetu ya jikoni, yaani jiko letu la makaa, karibu kila wiki na hajaugua. Kati yao nani anasema kweli?

Mama wa wawili, Kadutu

JIBU

Mama, rafiki yako hakukosea alipotaja zebaki. Karibu nusu ya uzito wa kijazo cha kijivu ni zebaki, na sehemu iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Daktari huchanganya zebaki na unga wa madini hayo, akapata uji mzito anaoushindilia kwenye tundu la jino, nao hukauka na kushikana. Zebaki iliyoshikana hivyo haichuruziki tena, ila kila unapotafuna, unaposaga meno usingizini au unapokunywa chai ya moto sana, hutoka mvuke kidogo, na mvuke huo ukivutwa na mapafu sehemu yake kubwa huingia katika damu.

Je, kidogo hicho kinadhuru? Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa aina mbili, mmoja wa watoto 534 nchini Marekani na mwingine wa watoto 507 mjini Lisbon, waliofuatiliwa kwa miaka mitano na saba. Waliowekewa vijazo vya zebaki walikuwa na zebaki zaidi kidogo katika mkojo, lakini kumbukumbu na akili zao hazikupitwa na za wenzao waliozibwa kwa dawa nyeupe. Hata hivyo, mtoto aliye tumboni hakupimwa katika uchunguzi ule, na zebaki hupita kwenye kondo la nyuma; ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo na wenye ugonjwa wa figo wasiwekewe vijazo vipya vya aina hiyo. Mamlaka hiyohiyo ilishauri pia kwamba kijazo kizima kisiguswe, na hapo ndipo rafiki yako alipoteleza: mashine inapokichimba, kijazo hupata moto na kuvunjikavunjika, ukatoka kwa muda mfupi mvuke mwingi kuliko ule unaotoka kikiachwa mahali pake. Viache, mama, na utafune bila hofu. Jino jingine likitoboka, omba lizibwe kwa dawa nyeupe. Ipo hata ile isiyohitaji mashine wala umeme, kwa kuwa daktari huliparua jino kwa vyombo vya mkono, njia iliyoanzishwa nchini Tanzania katika miaka ya 1980 na inayotufaa sana sisi tuliozoea umeme kukatika.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya mbabula. Mchimbaji akishakamata dhahabu kwa zebaki, hupata kidonge cheupe ambacho humpasa kukichoma ili dhahabu ibaki peke yake, na karibu zebaki yote iliyokuwamo hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Jikoni penye dirisha moja mvuke huo hauendi mbali. Hutua kwenye ukuta, kwenye sufuria, kwenye sakafu anakochezea mtoto, na siku za joto huinuka tena. Anachokichoma shemeji yako kwa dakika chache hakilinganishwi hata kidogo na vijazo vyako viwili. Kwamba hajaugua si ushahidi, kwa sababu sumu hii huanza kimyakimya: vidole kutetemeka mtu ashikapo kikombe, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, fizi kuvimba, kisha figo.

Najua shemeji anayeleta sukari nyumbani haambiwi kwa ukali, basi mwachie mume wako azungumze naye. Kuchoma kuhamie nje, mbali na nyumba, kwa chombo kilichofungwa kinachoipoza zebaki na kuirudisha iwe maji. Yeye mwenyewe atapenda, maana zebaki huinunua kwa pesa na hapo ataitumia tena. Mbabula ile isipikiwe chakula tena. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe ikiwa kavu, na nguo zake za kazi zisichanganywe na za watoto.

Wewe nenda kliniki ya wajawazito ukamweleze mkunga habari ya mbabula kabla ya kumtajia meno, na uulize kama mkojo wako unaweza kupimwa zebaki. Dawa za kusafisha damu zinazouzwa sokoni usizinywe. Baadhi yake zinaweza kumdhuru mtoto.