Mkuu, achana na huo mkutano wa Jumamosi asubuhi

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Unasema unataka kuacha pombe, umepata mikutano miwili ya AA (Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe), mmoja Ijumaa saa kumi na mbili jioni wa Kiingereza, mwingine Jumamosi saa tatu asubuhi wa Kiswahili, na umeshaamua wa Jumamosi kwa kuwa "akili inakuwa imetulia na hakuna foleni". Halafu ukauliza mambo ya hela.

Usiende wa Jumamosi. Yaani nenda ukipenda, ila uwe umeshatoka wa Ijumaa.

Mwenyewe umeandika kwamba mtungi unauanza Ijumaa ukitoka kazini. Na mimi ndivyo nilivyokuwa, saa kumi na moja na nusu, nikishafunga hesabu za mauzo. Jumamosi asubuhi sijawahi kuwa mlevi hata siku moja. Jumamosi asubuhi nilikuwa mtakatifu kumshinda paroko, kichwa kinagonga, naapa kwa vitu ambavyo hata siviamini. Kumpeleka mtu wa hali hiyo mkutanoni ni kumrushia boya mtu aliyekwishalala ufukweni.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja anayejiita mshauri wa maisha. Laki na nusu kwa saa moja, na kahawa yake nikalipa mimi. Akaniambia nichague muda "ambao nguvu zangu ziko juu". Mtu mwenyewe hajawahi kulewa hata togwa! Mungu amsamehe, mimi bado niko kwenye foleni.

Nikaenda Jumamosi nne mfululizo. Viti vya plastiki, chai ya tangawizi, watu kumi na mmoja, na nikapata mlezi, yaani mwenzetu aliyetangulia kuacha ambaye unampigia ukizidiwa, mzee mmoja mpole aliyenipa namba yake. Jumamosi ya tano nilikuwa nipewe ile sarafu wanayompa mtu aliyemaliza mwezi bila pombe. Ijumaa yake nikatoka kazini na gari la kampuni, mkoba una mauzo ya wiki nzima, milioni moja na laki nane taslimu. Nikapitia pale pa siku zote Sinza, eti nile mishikaki tu. Mhudumu ananijua, akaleta ya baridi bila kuuliza, akaifungua. Ule mlio unaujua. Nikatazama simu, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mkutano wangu uko mbele saa kumi na tano nzima. Namba ya mzee ninayo, lakini tumezoea kuongea Jumamosi, nikaona nitamsumbua.

Niliamka saa tano asubuhi, mimi ndani ya gari, gari ndani ya mtaro, mkoba haupo. Mkutano ulishaisha saa nne. Mzee anasema sarafu yangu ilikaa mezani mpaka walipofuta vikombe. Jumatatu kazi ikaisha. Deni nimelilipa miezi kumi na tisa, kwa hiyo ukitaka kujua mishikaki ghali kuliko yote Afrika Mashariki inauzwa shilingi ngapi, niulize mimi.

Na hao walioanzisha hiki kitu walilijua hili. Bill Wilson mwaka 1935 alikuwa hotelini Akron, Ohio, biashara imemgomea, baa anaisikia kwa masikio yake. Alikwenda kwenye simu, akampigia mchungaji, kisha watu wengine mmoja baada ya mwingine, mpaka akaunganishwa na mlevi mwenzake, Dk. Bob, wakakutana kesho yake jioni. Hakusema atasubiri apate utulivu.

Sasa hivi naenda huo wa Ijumaa wa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuombea samahani tu, na pale kinatosha kabisa. Wiki ambayo mkutano wa jioni haupo naingia wa mtandaoni. Mkutano wa London wa saa tisa alasiri ya kwao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, wao wakiwa kwenye baridi. Kiangazi chao wanasogeza saa, inakuwa kumi na moja, angalia usikosee.

Hela hawadai. Kofia inazungushwa, unatia ukiwa nayo. Akikudai mtu kiingilio, huyo ni ndugu yake yule mshauri wangu.

Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upige moja, anzia hospitali kwanza. Usijifungie nyumbani ukaacha ghafla, degedege la pombe linaua.

Leo Jumatano. Ijumaa saa kumi na moja uwe umeshapanda gari, na kama una hela ya ofisi mwachie mhasibu.