Omba Kwanza Kikombe Kiondolewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha aliniandikia kwamba mwanawe amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kwamba wanajumuiya wenzake wanamsihi aseme tu, "Mapenzi ya Mungu yatimizwe", ili moyo wake utulie. Aliniuliza kama ni dhambi kwamba maneno hayo yanamkwama kooni. Nimekwisha kumjibu faraghani, lakini najua wako wengi wanaolibeba swali hilo bila kuthubutu kulitamka, kwa hiyo naandika na kwa ajili yao.

Dada yangu, si dhambi. Mfuate Bwana Yesu pale Gethsemane uone alivyofika kwenye maneno hayo. Kwanza aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kisha akaanguka kifulifuli akaomba kikombe, yaani mateso na kifo kilichomngoja, kimwepuke, na ndipo akasema, "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Mathayo anasimulia kwamba alikwenda kuomba mara tatu, na Waraka kwa Waebrania unataja kulia kwake sana na machozi. Ikiwa Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba aepushwe kabla ya kujisalimisha, ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kumdai mama aliyekesha kwenye benchi la hospitali aliruke ombi na kukimbilia amina?

Nasema haya kwa sababu nimeyapitia. Mume wangu aliugua figo tukiwa tunaishi Pasua, hapa Moshi, na maisha yetu yote yakaanza kupangwa kwa kufuata siku za kusafishwa damu. Ukoo ulichanga, mama mkwe akauza ng'ombe wake huko Kibosho, nami nikawa naendesha biashara yangu ya vitenge kwa simu nikiwa wodini. Katika kipindi hicho mhubiri mmoja alikuja nyumbani, akamwekea mgonjwa mikono na kutangaza mbele ya majirani kwamba amepona. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mhubiri huyo huyo aliwaambia mashemeji zangu kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu mwenye imani haba anayezuia uponyaji, na kila mmoja alielewa kwamba ananisema mimi. Maneno hayo yalinifikia jikoni nikiwapikia machalari wageni waliokuja kumwona mgonjwa. Nimemsamehe, na ninamwombea, lakini jeraha lile bado nalisikia kila ninapomwona mtu akimnyooshea kidole mfiwa kwa jina la imani.

Usiku mmoja baada ya hapo niliacha kumpangia Mungu nadhiri na kumwahidi sadaka. Nilimwambia wazi kwamba sitaki mume wangu afe, kwamba naogopa, kwamba sioni nitakavyowasomesha watoto peke yangu. Nikamaliza kwa kukiri kwamba huyu alikuwa wake kabla hajawa wangu. Uchungu haukuondoka. Kilichoondoka ni ile hofu kwamba uhai wake unategemea ubora wa maombi yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikalala. Alifariki kabla ya Krismasi, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo kwa baba yake, nami niliweza kuimba kaburini kwa sababu sikuwa nimemficha Mungu neno lolote.

Basi mwambie Mungu ukweli, mpendwa. Ukikosa maneno, soma Zaburi ya 88, ambayo inafikia mwisho wake ikiwa bado gizani na hata hivyo imewekwa katika Maandiko Matakatifu ili sisi tuiombe. Rudia ombi lako bila aibu, kwa maana hata Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, yaani lile teso alilokuwa nalo mwilini; mwiba haukuondolewa, lakini alijibiwa, "Neema yangu yakutosha." Wala mtu asikudanganye kwamba kujisalimisha ni kuacha dawa au kumtoa mgonjwa hospitalini, kwa sababu daktari anayekesha naye ni mtumishi wa Mungu yule yule unayemwomba.

Nasi tunaokwenda kuwafariji wengine tuutubu ulimi wetu. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa ndipo hasira ya Mungu ikawawakia. Tupeleke chupa ya uji na nauli ya bodaboda, tumuulize mama yule ni nani anayewapikia watoto waliobaki nyumbani, twende tukawapikie sisi, na tukiombwa kusali, tumwombee mgonjwa uzima kwa sauti, mama mwenyewe akisikia.