Shehe, kukusanya saa za zamani za bei mbaya kwenye minada ni israfu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi napenda sana saa za mkono za zamani, zile adimu, nanunua kwenye minada mikubwa, mara nyingi kwa simu au onlaini. Mbili ni za dhahabu ila sizivai, zinakaa kwenye sefu. Mke wangu anasema hii yote ni israfu. Halafu kuna rafiki yangu saa yake inanadiwa karibuni, kaniomba niingie nipandishe dau kidogo mambo yachangamke, na yeye atanifanyia hivyohivyo siku yangu ikifika. Je nina kosa? Na zaka inakuwaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Naanza na la rafiki yako maana hilo ndo la haraka, saa zako zitasubiri.

Usifanye. Hicho anachokuomba kina jina kabisa kwenye fiqhi, kinaitwa najashi, yaani kutaja bei juu wakati huna nia ya kununua ili mwingine aingie mkenge, na hadithi ya Ibn Umar iko kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume swallallahu alayhi wasallam amekataza najashi. Na hapo mmepatana kabisa, leo wewe kesho yeye, sasa hiyo si kuchangamsha mnada hiyo ni njama, mnamlia mtu hela yake kwa batili na wewe humjui hata sura, yuko upande wa pili wa simu anaamini kwamba kweli kuna mtu mwingine anaitaka ile saa. Mkishafanya, madhehebu ya Shafii yanasema mauzo yenyewe yanasihi na dhambi inabaki kwenu, Maliki wao wanampa mnunuzi haki ya kurudisha. Kwa hiyo hata ukipata faqihi wa kukulegezea kwenye mkataba, kwenye dhambi hakuna wa kukulegezea.

Mnada wenyewe hauna shida. Anas amepokea kwamba Mtume alinadi bakuli na tandiko, mmoja akasema nachukua kwa dirhamu moja, akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili akauziwa. Na lile katazo la kununua juu ya ununuzi wa nduguyo haliingii hapa kwa sababu muuzaji bado hajaridhia bei ya mtu. Ila chunga kitu kimoja, soma masharti kabla hujatupa dau. Nyumba nyingi za mnada saa inakuwa na bei ya chini ya siri, na dalali anaruhusiwa kutaja madau kwa niaba ya muuzaji mpaka aifikie hiyo bei, yaani unaweza kuwa unashindana na hewa. Wameandika kwenye masharti ndiyo, lakini mimi kwa maoni yangu sura yake ni najashi tu na kuandikwa hakuisafishi, dhambi ni ya anayeifanya siyo yako. Wewe weka kikomo chako kabla, ukihesabu na ile ada ya mnunuzi ambayo huwa inafika robo ya bei au hata kuzidi, ukifika kikomo kata simu.

Sasa dhahabu. Mwanamume haruhusiwi kuivaa, hadithi ya Abu Musa iko wazi, dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu na halali kwa wanawake, na dhahabu nyeupe ni dhahabu vilevile msijidanganye na rangi. Platini si dhahabu, vaa. Chuma cha pua vaa, hata kikizidi dhahabu kwa bei, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa, maana kwenye hizi saa zenu chuma mara nyingi ndo ghali, ile saa ya kampuni ya Patek Philippe, toleo la 1518, ya chuma iliyonadiwa Geneva mwaka 2016 ilifika faranga milioni 11 za Uswisi, bei ambayo za dhahabu za aina hiyohiyo haziigusi. Hukumu inafuata madini, bei haina habari nayo. Hizo mbili zako mpe mke kama atazivaa (huenda hata neno israfu likapungua), au uza. Na ukinunua au kuuza saa ya dhahabu kwa hela, wanazuoni wengi wa leo wanazipa noti hukumu ya dhahabu na fedha, kwa hiyo makabidhiano yawe papo kwa papo, siyo unalipa leo saa inakuja wiki ijayo. Umeshinda onlaini? Usiifanye ile nyundo ya dalali anayofungia mnada kuwa ndo mauzo yenyewe, ichukulie kama ahadi, mkataba mfunge siku unalipa na wewe au mtu uliyemtuma kwa niaba yako anapokea.

Zaka inategemea uliponunua ulinuia nini, na hapa naomba uwe mkweli maana wakusanyaji wengi wanasema napenda tu huku kila mwezi wanachungulia bei. Saa ya kuvaa au kutunza kwa sababu unaipenda, siyo dhahabu wala fedha, haina zaka. Ukiinunua ili uiuze ikipanda hiyo ni mali ya biashara, kila mwaka wa Kiislamu ukitimia unaithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo siyo uliyonunulia, ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, unatoa asilimia mbili na nusu. Na hizo za sefuni hata kama hukunuia biashara, uzito wa dhahabu yake unaingia kwenye hesabu pamoja na dhahabu yako nyingine, maana pambo lisilo halali kwako kulivaa au lililowekwa akiba tu halisamehewi.

Na ukiuza usifiche. Kama uso umepakwa rangi upya au mishale si yake ya mwanzo, sema. Mwaka 2021 saa moja ya kampuni ya Omega, aina ya Speedmaster, ilinadiwa kwa faranga zaidi ya milioni 3, mwaka 2023 Omega wenyewe wakatoka kusema imeungwaungwa kwa vipande vya saa tofauti, na aliyeinunua ni makumbusho yao wenyewe! Hakim bin Hizam amepokea kwamba wawili wakisema kweli na kubainisha wanabarikiwa katika biashara yao, wakificha na kudanganya baraka inafutwa.

Israfu je? Mkeo ana hoja lakini siyo kwa ile sababu ya bei. Mtu aliyelipa madeni, katimiza matumizi ya nyumbani, katoa zaka, hajakopa kwa riba, kununua kitu cha thamani ambacho kesho kinauzika siwezi kukiita israfu moja kwa moja. Ninachokuogopea ni moyo. Mtume aliswali na shuka ya khamisa yenye nakshi, akaitupia jicho mara moja tu, alipomaliza akasema ipelekeni kwa Abu Jahm mniletee ile yake isiyo na nakshi, imenishughulisha na swala yangu. Jicho moja! Na khamisa hiyohiyo imetajwa tena kwa Bukhari, ameangamia mtumwa wa dinari, mtumwa wa dirhamu, mtumwa wa khamisa, akipewa anaridhika asipopewa anakasirika. Sasa jipime mwenyewe, siku umeshindwa mnada unalala vipi, na kwenye sijda macho yako yako wapi.

Hujauliza mikanda lakini wengi huuliza: ngozi ya mamba ikishadibaghiwa, yaani ikishatiwa dawa ya kuilainisha na kuisafisha, ni safi kwetu Shafii, ya nguruwe hapana hata ikiwa bitana tu ya ndani, hiyo bandua ubadilishe. Wallahu a'lam.