Maswali ya wasomaji: tundu la hedifoni kwenye amplifaya ya valvu

Safari hii maswali yote yanahusu kipande kidogo kabisa kwenye amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) uliyoijenga mwenyewe: tundu la kuchomekea hedifoni. Ni nati moja na miguu mitatu tu, lakini linashikwa kila siku, ndiyo maana linachoka mapema. Kulibadilisha si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba tundu la zamani mara nyingi lilikuwa linafanya kazi nyingine kimyakimya, na hulijui hilo mpaka uliondoe.

Fundi, sauti ya kushoto inakatika nikiigusa plagi. Ninunue tundu jipya?

Subiri kidogo. Chomeka hedifoni nyingine kwanza, huenda ugonjwa uko kwenye waya wake. Kama hali ni ileile, tazama nati. Ikilegea, tundu zima huzunguka kila unapochomeka na nyaya huvutwa nalo, mpaka lehemu inapasuka. Mpasuko huo ni mduara mwembamba wa kijivu kuzunguka mguu. Utauona ukimulika taa kutoka pembeni. Ipashe lehemu moto upya, ongeza kidogo, kaza nati. Lakini kama ulimi wa chuma unaobana ncha ya plagi ndio umechoka, badilisha tundu. Ukiukunja utakaa kwa muda, kisha utarudi palepale.

Naogopa umeme wa ndani. Nikichomoa waya ukutani nisubiri muda gani?

Endelea kuogopa, inakufaa. Volti 150 hadi 400 ni jambo la kawaida kwenye mashine hizi, na kuchomoa waya hakuziondoi. Zinabaki kwenye kapasita za kuchuja umeme.

Muda unategemea kama kuna rezista ya kumwaga chaji. Kapasita ya maikrofaradi 100 yenye rezista ya kilo-ohmu 220 sambamba nayo hupoteza karibu theluthi mbili ya volti kila sekunde 22. Kwa hiyo volti 300 zitashuka hadi kama 2 baada ya dakika mbili hivi. Bila rezista hiyo, chaji inaweza kukaa saa nyingi. Valvu zikizimwa zikiwa na moto huendelea kupitisha umeme kwa muda na kuimaliza, lakini valvu iliyokufa au iliyochomolewa haitakusaidia.

Kwa hiyo usihesabu dakika, pima. Weka mita kwenye volti za DC, bana waya mweusi kwenye chasisi, yaani sanduku la chuma la amplifaya, kwa klipu, kisha gusa upande chanya wa kila kapasita kubwa kwa mkono mmoja tu, mwingine uwe mfukoni. Ukikuta volti, zimwage kupitia rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 10 iliyofungwa kwenye nyaya zenye klipu na mpira mzuri. Kwa maikrofaradi 100 sekunde tano zinatosha. Bisibisi hapana: cheche zake hula chuma na huumiza kapasita. Baada ya hapo iache rezista imebanwa muda wote unaofanya kazi, kwa sababu kapasita iliyomwagwa hujirudishia volti kiasi yenyewe ikiachwa wazi.

Tundu jipya lina miguu mitatu, la zamani lilikuwa na mitano. Upi ni upi?

Kwa plagi ya stirio, iwe ya milimita 6.35 au 3.5, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni athi, yaani njia ya kurudi inayotumiwa na pande zote mbili. Usiamini mpangilio wa miguu kwa macho, maana kila mtengenezaji ana wake. Chomeka plagi tupu, weka mita kwenye mlio (hulia vitu viwili vikiwa vimeungana), gusa ncha kisha tafuta mguu unaolia.

Ile miguu miwili ya ziada ndiyo ya kuangalia. Ni swichi: ukichomeka plagi, ndimi zake zinaachana. Kwenye amplifaya yenye spika pia, huenda swichi hiyo ndiyo ilikuwa inazima spika na kuiachia transfoma ya kutolea sauti mzigo wa rezista. Ukiiondoa bila kuweka mbadala, transfoma inaweza kubaki bila mzigo huku sauti ikiwa juu, na hapo volti upande wa valvu hupanda hadi kutoboa insulesheni yake. Piga picha kabla hujakata waya hata mmoja.

Nimeweka tundu la plastiki badala ya la chuma. Ala zote nazisikia, mwimbaji hayupo!

Hili swali limenifurahisha, maana ugonjwa wenyewe unajitaja. Shina la plagi yako halina athi. Tundu la zamani lilikuwa la chuma na lilipata athi kwa kubanwa tu kwenye chasisi. Hapakuwa na waya. La plastiki halishiki chasisi, hivyo spika mbili za hedifoni zimebaki zimeungana mfululizo kati ya kushoto na kulia. Unachosikia ni tofauti ya chaneli mbili. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, kwa hiyo anajifuta. Lete waya kutoka mguu wa shina hadi sehemu ambapo athi zote za amplifaya zinakutana, naye atarudi.

Mimi kinyume chake: la plastiki nimetoa, nimeweka la chuma, sasa kuna mvumo.

Athi ya sauti sasa inagusa chasisi mahali pawili, kwenye kituo chake na kwenye paneli ya mbele. Kati ya sehemu hizo mbili mkondo wa umeme unazunguka, na hedifoni zinauimba. Tenga tundu na chasisi kwa washa za plastiki zenye bega, au rudisha la plastiki. Kuhakiki, fungua nyaya za tundu kisha pima kati ya shina na chasisi: mita isilie.

Kuna ushauri unaozunguka wa kukata waya wa athi wa plagi ya ukutani ili mvumo uishe. Ni kweli unaweza kuisha. Lakini siku waya wa moto utakapogusa chasisi, fyuzi haitakatika, na wewe una hedifoni kichwani. Waya huo haukatwi.

Nataka kuweka tundu la XLR, lile kubwa la duara, la pini nne. Sauti itakuwa bora?

Inategemea kilicho nyuma ya paneli. Kama kila chaneli yako ina waya mmoja wa sauti na athi, kama zilivyo amplifaya nyingi za kujengea nyumbani, XLR haitaigeuza kuwa ya balansi, yaani yenye nyaya mbili za sauti, chanya na hasi, kwa kila chaneli. Utaunga pini 1 kwa kushoto chanya, 3 kwa kulia chanya, kisha 2 na 4 zote kwenye athi. Itafanya kazi vizuri, na utapata tundu lenye kufuli lisilochomoka ukijigeuza kitini. Hiyo peke yake kwangu ni sababu nzuri.

Wenye transfoma ya kutolea sauti wana bahati. Mzunguko wa pili wa transfoma hiyo unaweza kuelea, yaani ncha zake zote mbili zikaenda moja kwa moja kwenye pini 1 na 2, na za kulia kwenye 3 na 4. Sharti ni kwamba hakuna waya wa fidibaki, yaani unaorudisha sehemu ya sauti kutoka hapo hadi nyuma kwenye valvu. Kama upo, unahitaji ile athi, usiiguse.

Hatari iko kwa wenye balansi ya kweli. Ukitengeneza adapta ya kutoka XLR kwenda jeki ya milimita 6.35, hasi ya kushoto na hasi ya kulia zitakutana kwenye shina moja. Hizo ni nyaya zenye sauti, na kuzikutanisha ni shoti.

Tundu la balansi la milimita 4.4 lina mantiki ileile, ila lina kituo cha tano ambacho ni athi. Na kabla ya kutoboa: XLR ya paneli inataka shimo la milimita 24 hivi, na chenga za alumini hupenda kulala chini ya soketi za valvu. Funika kila kitu kwa utepe wa karatasi kwanza, ukimaliza fyonza, usipulize.

Amplifaya yangu haina transfoma ya kutolea sauti. Nimeweka tundu la milimita 3.5 nitumie hedifoni ndogo. Nikichomeka kuna mlipuko, na besi imepotea.

Ni mambo mawili, na yote yanatokana na kapasita ya kutolea sauti. Mlipuko ni kwa sababu upande wa nje wa kapasita hiyo hauna njia ya kwenda athi mpaka uchomeke hedifoni. Chaji yote inapita kwenye koili kwa mkupuo. Weka rezista ya kilo-ohmu 1 hadi 10 kutoka kila chaneli hadi athi, pale pale mgongoni mwa tundu. Huenda kwenye tundu la zamani ilikuwepo ukaitupa nalo.

Besi ni hesabu. Kapasita ya maikrofaradi 100 na hedifoni za ohmu 300 huanza kupunguza sauti chini ya hezi 5, ambayo husikii. Kwa hedifoni za ohmu 32 huanza kwenye hezi 50, na besi nzito iko hapo na chini yake. Ukiweka maikrofaradi 220 utashuka hadi 23 hivi. Lakini valvu hizo hazipendi mzigo wa ohmu chache, kwa hiyo mimi ningebadilisha hedifoni.

Nikilehemu, plastiki ya tundu inayeyuka.

Unakaa sana. Chuma kiwe na joto la nyuzi 350 hivi, ncha safi, waya uwe umeshapakwa lehemu, sekunde mbili hadi tatu basi. Acha plagi ndani ishikilie ndimi zisihame. Na ule mpira wa kusinyaa, wa kufunika kiungo, uvishe waya kabla ya kulehemu. Mimi bado nausahau.

Nimemaliza. Nichomeke nisikilize?

Bado. Niliwahi kuchomeka hedifoni zangu nzuri moja kwa moja, nikasikia mlio mfupi kama kuvunja kijiti, na koili ya kulia ikawa imeungua. Chukua plagi, ilehemu rezista mbili za ohmu 33, moja kutoka ncha hadi shina, nyingine kutoka pete hadi shina. Ichomeke hiyo, washa, acha valvu zipate moto dakika kumi, kisha pima volti za DC juu ya kila rezista. Milivolti chache ni sawa. Zikiwa mamia na zinapanda, zima. Kuna kapasita inavuja au waya uko mahali pabaya. Zikitulia, punguza sauti hadi mwisho, chomeka zile hedifoni za zamani ambazo hata zikifa hutalia.