Namba ya simu si neno la siri: kuilinda Wai-Fai ya nyumbani kwa ruta kongwe

Msomaji mmoja wa Chake Chake anauliza kwa nini bando la nyumba nzima linaisha kabla mwezi haujafika nusu, na ilhali ruta yake kaitia neno la siri. Neno lenyewe ni namba yake ya simu. Basi tuanzie hapo, maana nyumba nyingi Unguja na Pemba zinafanya vivyo hivyo.

Namba zetu zina tarakimu 10. Ikianza na 077, zinazobaki ni 7, yaani namba milioni 10 tu. Mtu aliyekaa barazani na kompyuta yake hana haja ya kujaribu moja moja mlangoni pako. Anasubiri simu yako iungane na ruta, ananasa mazungumzo mafupi ya kutambulishana baina ya vifaa viwili hivyo, kisha anaondoka nayo. Kubahatisha anakwenda kubahatisha kwao. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo ya video hujaribu laki kadhaa kwa sekunde moja, kwa hiyo milioni 10 haziifikishi hata dakika. Ruta haioni kitu, kwa sababu haijaguswa. Akishalipata neno, anarudi kulitumia bando lako.

Dawa yake ni urefu. WPA2, yaani mfumo wa ulinzi wa Wai-Fai, inakubali neno la herufi 8 mpaka 63. Chukua kamusi, ifungue ovyo mara tano, na kila ukurasa uchukue neno moja bila kuchagua linalokupendeza. Kamusi ya maneno 10,000 inatoa michanganyiko ya 1 yenye sifuri 20 nyuma yake. Hata kwa majaribio milioni moja kwa sekunde, kuimaliza yote ni zaidi ya miaka milioni tatu. Usitumie methali, aya, wala jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Na jina la mtandao lililokuja na ruta libadilishe pia, kwa sababu huingia kwenye hesabu ya ufunguo, na majina ya kiwandani watu wameshayaandalia majedwali ya funguo zilizokwisha kupigiwa hesabu.

Lakini neno refu halisaidii kitu kama WPS, njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika neno la siri, iko wazi, na ruta kongwe nyingi hutoka kiwandani ikiwa wazi. Hii ndiyo ile namba ya tarakimu 8 iliyobandikwa chini ya ruta. Desemba 2011 ilitangazwa hadharani kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili: tarakimu 4 za mwanzo peke yake, kisha 3, na ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Majaribio yanashuka mpaka 11,000, kazi ya saa chache kwa ruta isiyojifunga baada ya makosa. Akishaipata, ruta yenyewe inamkabidhi neno lako, liwe refu kiasi gani. Izime. Baada ya kuizima, zima ruta na uiwashe tena, urudi kuangalia. Zipo zinazojiwasha upya.

Kuingia kwenye mipangilio tumia waya, si Wai-Fai, kwa sababu kila ukibadilisha kitu Wai-Fai itakukatikia. Anuani mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, iangalie kwenye kibandiko. Ruta uliyoinunua ikiwa imeshatumika lazima uifute kwanza: bonyeza kitufe cha Reset kwa pini, sekunde 10 hivi. Kama intaneti yako inaingia kwa jina na neno la siri ulilopewa na kampuni, liandike karatasini kabla hujabonyeza, la sivyo utakaa bila mtandao mpaka fundi aje.

Kisha sasisha programu ya ndani ya ruta. Hapa ndipo ruta nyingi hufa. TL-WR841N ya TP-Link, kwa mfano, imetoka kwa matoleo mengi yanayofanana kwa nje. Faili la toleo jengine linaweza kuigeuza tofali. Soma "Ver" kwenye kibandiko, chukua faili la toleo hilo hilo kutoka tovuti ya mtengenezaji. Na usianze umeme ukiwa wa kusuasua. Iunge kwenye betri ya sola au UPS, ukatikaji wa sekunde moja katikati ya kazi unatosha kuiua.

Kwenye usalama wa Wai-Fai chagua WPA2-PSK (WPA2 ya neno la siri moja kwa wote) na AES (njia ya kuzifumba data). Usichague "Automatic" wala TKIP, njia ya zamani ya kufumba, hata kama printa ya zamani inalalamika. Printa ipe waya. Ukiacha TKIP, ruta ya aina ya N (802.11n) hushuka mpaka kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, na watu wanailaumu kampuni ya simu bure. Badilisha neno la siri la admin, ambalo si lile la Wai-Fai. Zima "Remote Management", inayoruhusu mipangilio kufunguliwa kutoka nje ya nyumba, na UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango ya ruta. Angalia DNS, yaani anuani ya kompyuta inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba: ukikuta anuani usiyoijua na kampuni yako haikukupa, kuna aliyeingia, naye anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa benki wa uongo.

Kuficha jina la mtandao na kuorodhesha anuani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) usipoteze jioni yako. Zote mbili zinapita hewani wazi, na anayejua kunasa anazisoma.

Tahadhari nyengine kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe, ambao kwa unene wa kuta hutumia ruta kongwe kurudufisha mawimbi. Udhaifu wa WPA2 uitwao KRACK, uliotangazwa 2017, hugusa zaidi kifaa kinachojiunga, na ruta inayorudufisha ni kifaa kinachojiunga. Ivutie waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN lake, uzime DHCP yake (inayogawa anuani kwa vifaa), uipe anuani isiyogongana na ya kwanza.

Ukikuta ruta inatoa WEP tu, ulinzi wa zamani uliotangulia WPA, au WPA bila AES, usihangaike nayo. WEP ilivunjwa tangu 2001. Ukienda Darajani kutafuta nyengine, hata iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe, ufungue mipangilio mbele yake, na uione WPA2 na AES, na mahali pa kuizima WPS, kabla hujatoa pesa.